Kuendesha mchezo wa kuvaa uhusika kwa maandishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kuendesha mchezo wa kuvaa uhusika kwa maandishi, kwa Kiswahili, kwenye WhatsApp, Telegram au Discord. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo michezo mingi hufia, na kwa kifupi pale ambapo kila mtu hujipatia njia yake. Mifano mingi nimeitoa kwenye mchezo unaotokea Kilwa Kisiwani mwaka 1505. Wahusika wake ni wa kubuni, mji na mwaka ni wa kweli.

Mchezo wenyewe ukoje?

Watu wachache wanakutana kwenye grupu. Kila mmoja anavaa uhusika wa mtu mmoja: nahodha, muuza shanga, mwandishi wa barua za matajiri, kijana aliyetoroka kwao. Mmoja kati yao havai uhusika wa kudumu. Huyo ndiye mwendesha mchezo. Yeye ndiye bahari, mvua, walinzi wa lango na kila mtu ambaye wengine wanakutana naye njiani. Anaandika hali ilivyo, wachezaji wanaandika wanachofanya, naye anaandika kilichotokea. Hakuna mshindi. Tofauti yake na hadithi ya kupokezana ni kwamba hakuna anayeujua mwisho, hata mwendeshaji mwenyewe, na jambo lenye hatari huamuliwa na dadu.

Ulianzia wapi?

Mchezo wenyewe wa kuvaa uhusika ulichapishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974, Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Lakini kucheza kwa maandishi na watu walio mbali ni jambo la zamani zaidi ya hapo. Mwaka 1963 tayari kulikuwa na watu wanaocheza Diplomacy, mchezo wa ubaoni wa vita na mapatano, kwa barua za posta, kila mmoja akituma maagizo yake na kungoja majibu kwa siku nyingi. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianza kutengeneza MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambamo watu wengi waliingia kwa pamoja kupitia kompyuta.

Wale wa barua walituachia mbinu ambayo bado inafaa sana: agizo lenye sharti. Kwa kuwa jibu lilichelewa, mchezaji aliandika mapema: "Wakikataa, nitarudi nyuma." Nitaigusa tena kwenye swali la kasi.

Nianze na nini: hadithi, kanuni, au watu?

Watu. Tafuta wanne au watano wanaopenda kusoma na kuandika, wenye simu inayoshika chaji, na ambao wamekujibu ndani ya siku moja walipoulizwa. Kipimo hiki cha mwisho kina maana kubwa kuliko kipaji. Mwandishi hodari anayejibu baada ya siku tisa ataua mchezo. Mwandishi wa kawaida anayejibu kila jioni ataubeba mgongoni.

Chini ya watatu, akikosekana mmoja mchezo umesimama. Zaidi ya sita, utashinda ukisoma badala ya kuandika, na mchezaji mkimya atapotea katikati ya kelele bila wewe kugundua.

Niandae nini kabla ya siku ya kwanza?

Pungufu ya unavyofikiri, ila kitu chenye uzito. Usiandike hadithi. Ukiandika kwamba sura ya kwanza watakamatwa, ya pili watatoroka, ya tatu watamkuta msaliti, basi mchezaji atakayekataa kukamatwa amekuharibia daftari zima, nawe utaanza kumlazimisha. Wachezaji hulihisi hilo haraka sana, na mtu akishahisi kwamba anachoandika hakibadilishi chochote, huacha kuandika.

Andaa hali iliyoiva. Kilwa ya 1505 ni mfano mzuri kwa sababu historia yenyewe imeshaiivisha. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na meli zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa mji, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Julai 1505 Francisco de Almeida akafika na kundi kubwa la meli, akauteka mji, na amiri akakimbia. Anza mchezo wako mwezi wa Mei, kusi ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Wafanyabiashara waliokuja na kaskazi kutoka Arabuni wanaharakisha kuondoka kabla bahari haijachafuka, na upepo ule ule utakaowarudisha kwao ndio utakaowaleta Wareno kutoka kusini. Wachezaji wako wanajua kitakachokuja. Wahusika wao hawajui. Pengo hilo peke yake linatosha kuwaweka macho kwa majuma.

Halafu andika watu, kila mmoja kwa mistari miwili: anataka nini, na anamwogopa nani. Mzee wa forodha anataka dhahabu ya kodi ilipwe ili mji usiguswe. Anaogopa mpwa wake asije akasema kiasi gani imepotea. Mpwa anataka amiri aondolewe. Nahodha mgeni anataka kusafiri kabla ya mwezi mpya, na mzigo wake umezuiwa. Watu sita au saba wa namna hiyo, wenye matakwa yanayogongana, watakupa matukio ambayo usingeweza kuyatunga ukiwa umekaa peke yako.

Mwisho, chora saa ya hatari. Ni duara lenye vipande sita kwenye karatasi yako, na kila kipande ni hatua inayotokea wachezaji wasipoingilia: meli zimeonekana kusini, bei ya mtama imepanda, matajiri wameanza kuzika mali, mtu amefungwa gerezani bila kosa, lango limefungwa usiku, mizinga. Kila wachezaji wanapopoteza muda au kushindwa jambo kubwa, tia wino kipande kimoja. Hivyo dunia inatembea hata wao wakiwa wamekaa barazani.

Ujumbe wa mwendeshaji uandikweje?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ningependa mtu asome jibu hili hata kama hatasoma mengine. Mezani, mwendeshaji akiishiwa maneno anaona nyuso za watu, anaona nani amechoka na nani anataka kusema. Kwenye maandishi huna uso wa mtu. Una ujumbe wako wa mwisho tu, umekaa pale kwenye skrini saa ishirini, na mchezaji anaufungua akiwa kwenye daladala akiwa na dakika mbili. Katika dakika hizo mbili lazima aone kitu cha kushika.

Ujumbe wa namna hii huua mchezo:

"Mnafika bandarini. Jua linazama, mawimbi yanapiga taratibu, harufu ya chumvi imejaa hewani. Watu wengi wanapita huku na kule. Mnafanya nini?"

Hauna kosa la lugha. Lakini mchezaji akiusoma hana la kujibu, kwa hiyo anangoja mwenzake aanze, na mwenzake anamngoja yeye. Siku tatu zinapita. Linganisha na huu:

"Forodhani, magharibi inakaribia. Mtepe wa nahodha umeshapakiwa, lakini askari wawili wa amiri wamekalia pembe za ndovu na hawana dalili ya kuondoka. Mmoja anatafuna tambuu. Mwingine anainua kichwa: 'Bi Salima, si wewe uliyetoka nyumbani kwa mzee wa forodha jana usiku?' Nyuma yake, Juma, nahodha anakuonyesha maji kwa kidevu. Yanakupwa. Muda si mrefu mtepe utakaa mchangani mpaka alfajiri. Na wewe Mzee Faki, barua iliyo kwenye kikapu cha yule askari ina mwandiko unaoufahamu: ni wako."

Salima ameulizwa swali mbele za watu. Juma ana maji yanayokimbia. Mzee Faki ameona barua. Kila mmoja ana kitu chake, hakuna anayehitaji ruhusa ya mwenzake ili ajibu, na wote watatu wako kwenye tukio moja. Mandhari yapo, ila yanafanya kazi: maji kupwa si pambo, ni muda unaokwisha.

Kabla ya kutuma, jiulize jambo moja kwa kila mchezaji: huyu akifungua simu sasa hivi, ataandika nini? Ukikosa jibu kwa mmoja, ongeza sentensi moja inayomgusa yeye. Urefu wa maneno 80 hadi 150 unatosha. Ukivuka 300 watu wanaruka, hata wakisema wamesoma.

Na wachezaji, waandikeje?

Waandike wanachojaribu, matokeo wamwachie mwendeshaji na dadu. Kiswahili chetu kinamtega mchezaji hapa, kwa sababu tumezoea kusimulia kwa "-ka-". Mchezaji akiandika "Nikamsukuma askari akaanguka majini, nikachukua upanga wake nikakimbia," ameshamaliza mambo manne ambayo si yake kuyamaliza. Mfundishe kuandika: "Namsukuma askari nikitaka aangukie majini. Jicho langu liko kwenye upanga." Sasa kuna mlango wa dadu kuingia, na kuna mlango wa mwenzake kuingia: Juma anaweza kusema anamdaka askari asizame.

Kanuni ya pili: usiandike mwenzako amesema nini, amehisi nini wala amefanya nini. Mhusika wa mtu ni wa mtu. Mchezaji mpya akikosea, mwambie pembeni kwa upole, "Ndugu yangu, mwachie Salima ajibu mwenyewe," wala usimsahihishe mbele ya grupu zima.

Dadu tutarushaje kwenye simu?

Telegram ndiyo rahisi kuliko zote. Ukituma emoji ya dadu, namba inayotoka, 1 hadi 6, inapangwa na seva yao, si na mtumaji, na kila mtu anaiona. Tuma mbili, umepata dadu mbili. Kwenye Discord kuna roboti za dadu zinazoingizwa na mwenye seva. WhatsApp haina kitu hicho, kwa hiyo chagua: ama mwendeshaji anarusha dadu za ludo nyumbani na kupiga picha, ama mnatumia njia ya namba mbili.

Njia ya namba mbili haihitaji kifaa chochote. Mwendeshaji anachagua namba kati ya 1 na 6, anamtumia kwa siri mchezaji ambaye jambo halimhusu. Mchezaji anayejaribu anataja hadharani namba yake, naye kati ya 1 na 6. Shahidi anafichua ile ya siri, mnajumlisha, na jumla ikizidi 6 mnatoa 6. Mkitaka dadu mbili, fanyeni mara mbili. Hakuna anayeweza kudanganya peke yake, maana hakuna anayeijua namba ya mwenzake.

Kanuni zipi zinafaa kwa maandishi?

Nyepesi. Kitabu cha kurasa mia tatu kinahitaji maswali na majibu mengi kwa kila tendo, na kwenye grupu kila swali ni nusu siku. Napendelea dadu mbili za pande sita, jumla yake ukiongeza uwezo wa mhusika katika jambo hilo, kutoka 0 hadi 2. Ikifika 10 au zaidi, umefanikiwa. Ikiwa 7 hadi 9, umefanikiwa lakini kuna gharama. Ikiwa 6 au chini, mwendeshaji anasema kilichoharibika. Mpangilio huu ulienezwa na mchezo wa Kimarekani uitwao Apocalypse World, wa mwaka 2010, uliotungwa na Vincent Baker na Meguey Baker.

Hesabu yake inaeleza kwa nini unafaa. Dadu mbili zina matokeo 36. Mhusika asiye na uwezo wowote anafanikiwa kamili katika 6, anafanikiwa kwa gharama katika 15, anashindwa katika 15. Mwenye uwezo wa 2 anafanikiwa kamili katika 15, kwa gharama katika 15, anashindwa katika 6 tu. Ile sehemu ya katikati, ya gharama, ndiyo mafuta ya mchezo wa maandishi. Juma anausukuma mtepe ukaelea kabla maji hayajakwisha, lakini kamba imekatika na pembe moja imebaki ufukweni mbele ya askari. Hujaandika "umeshindwa, jaribu tena." Umeandika jambo jipya la kujibiwa.

Na usirushe dadu kwa kila kitu. Mtu akifungua mlango usio na kufuli, mlango umefunguka.

Tujibu mara ngapi?

Mkubaliane mapema na muiandike juu ya grupu. Mzunguko mmoja kwa siku ni kasi ambayo watu wenye kazi na watoto wanaiweza: wachezaji wana hadi saa tatu usiku kuandika, mwendeshaji anajibu kabla ya kulala. Taja saa ya mahali gani. Saa tatu usiku ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa mbili usiku kwa mchezaji wa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi, na saa nne usiku kwa wa Muscat. Aliyeko Minneapolis kwake ni mchana, saa saba wakati wa kiangazi na saa sita wakati wa baridi, kwa hiyo huyo mara nyingi atakuwa kazini.

Hapa ndipo agizo lenye sharti linapookoa siku. Mhimize mchezaji aandike hatua mbili kwa pamoja: "Nagonga mlango wa mpwa. Akifungua, namwonyesha barua. Asipofungua, nazunguka nyuma kwenye kisima." Kwa sentensi tatu mmeokoa siku nzima ya kungojana.

Ramadhani, mitihani, mwisho wa mwezi na sikukuu, kasi itashuka. Tangaza mapema kwamba mtapunguza hadi mizunguko miwili kwa wiki. Grupu lililotangaziwa mapumziko hurudi. Grupu lililoachwa bila neno hubaki limenyamaza.

Mchezaji akinyamaza nifanyeje?

Mtafute pembeni, si kwenye grupu. "Habari za siku, tupo kwenye lango la magharibi, Salima nimemweka salama nyumbani kwa shangazi yake, ukiwa tayari nimekuandalia pa kuingilia." Ujumbe huo unamwambia mtu kwamba anakumbukwa na hadaiwi. Huenda bando limekwisha, simu imeharibika, au nyumbani kuna msiba. Baada ya siku mbili bila jibu, mwendeshaji amchukue mhusika wake na kumfanyia mambo ya busara tu, yasiyo na hatari. Usimuue mhusika wa mtu asiyekuwepo.

Akirudi, asisomeshwe jumbe mia mbili. Mpe muhtasari wa mistari mitano. Ningeshauri muhtasari huo uandikwe kila Jumapili hata kama hakuna aliyepotea, maana mwendeshaji mwenyewe husahau.

Na anayetaka kila kitu kimhusu yeye?

Mara nyingi huyu ndiye anayeupenda mchezo kuliko wote, kwa hiyo usimvunje moyo. Mpe kazi inayomfunga na wengine: yeye ana ufunguo, mwenzake ndiye anayejua mlango ulipo. Pia weka kanuni kwamba baada ya ujumbe wako, kila mtu ana ujumbe mmoja wa hadithi hadi utakapojibu tena. Maongezi kati ya wahusika wawili yaruhusiwe kuendelea, ila matendo yasubiri.

Mapigano huchukua wiki nzima. Kuna njia?

Acha zamu. Wachezaji wanne na adui mmoja, mizunguko mitano, zamu moja kwa siku, ni siku 25 za kupigana na mtu mmoja. Hakuna atakayekumbuka kilichowagombanisha. Wape wote muda ule ule waandike wanachojaribu, rusha dadu zote kwa mkupuo, kisha andika pigano hilo kama tukio moja. Mapigano mengi yaishe kwa mizunguko miwili. Adui mwenye akili hukimbia, husalimu amri, au huomba kuzungumza, na mazungumzo ndiyo maandishi yanayoyaweza vizuri kuliko ngumi.

Wahusika wakitawanyika?

Waache. Mezani kutawanyika ni tatizo kwa sababu wengine wanakaa bure. Kwenye maandishi kila kikundi kinaenda na uzi wake. Hakikisha tu muda wa ndani ya hadithi haupishani zaidi ya siku moja, na tafuta sababu ya kuwakutanisha.

Jukwaa gani ni bora?

Lile ambalo wachezaji wako wote wanalo tayari, na kwa wengi wetu hiyo ni WhatsApp. Fungua magrupu mawili: moja la hadithi tupu, jingine la kibaraza, ambamo watu wanataniana, wanauliza kanuni na kutoa taarifa za dharura. Ukichanganya, anayetaka kusoma hadithi atachambua salamu na stika hamsini kwanza. Telegram inaruhusu grupu moja kugawanywa kwa mada, jambo linalorahisisha kutenganisha wahusika waliotawanyika. Discord ina chaneli nyingi na mpangilio mzuri kuliko zote, ila mtu mwenye simu ya nafasi ndogo huona ni mzigo kuipakua kwa ajili ya mchezo mmoja.

Maandishi yanakula bando kidogo sana, ndiyo maana mchezo huu unafaa hata pale mtandao ulipo dhaifu. Usiuharibu uzuri huo kwa kutuma video. Ujumbe wa sauti pia uepukwe kwenye grupu la hadithi: hautafutiki, haunukuliki, na mtu aliye kazini hawezi kuusikiliza. Jambo moja zaidi: WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Kubalianeni kwamba ujumbe ukishajibiwa haubadilishwi, isipokuwa herufi.

Kiswahili gani tuandike?

Chochote kinachosomeka na wote. Kwenye kibaraza watu waandike "xaxa" na "cjui" wapendavyo. Kwenye hadithi, maneno kamili. Mtu wa Lubumbashi, wa Lamu na wa Mwanza wataandika tofauti, na tofauti hiyo ni mali. Mhusika anayetoka bara aongee kibara, wa visiwani aongee kwao. Tatizo pekee ni neno ambalo nusu ya grupu hawalijui. Mwandishi alieleze kibarazani akiulizwa, basi.

Usahihi wa historia ufike wapi?

Ufike pale unapoongeza utamu. Kilwa ya 1505 haina mihogo, mahindi wala nyanya. Mazao hayo yalitoka Amerika na yalikuwa hayajafika. Haina kanga za kuandikwa maneno. Ina mtama, wali, nazi na samaki, ina sarafu za shaba zilizopigwa hapo hapo, ina dhahabu iliyopitia Sofala, ina nyumba za matumbawe na chokaa na msikiti mkubwa ambao magofu yake yapo hadi leo. Mchezaji akiandika kwamba mhusika wake anakula muhogo, usimsimamishe. Mjibu kwa mhusika mwingine: "Mtama huu umeiva, karibu." Wengi hushika haraka, na wengine huenda kusoma zaidi wenyewe, jambo linalonifurahisha kuliko ushindi wowote wa dadu.

Tutashughulikiaje mambo mazito: utumwa, majini, dini, mapenzi?

Kabla ya kuanza, muulize kila mchezaji faragha: nini kisitokee kabisa, na nini kitokee bila kuonyeshwa? Huna haja ya kujua sababu. Ukipata majibu, tangaza orodha bila kutaja nani kasema nini.

Kwa mchezo wa pwani, utumwa lazima uzungumzwe mapema, maana ulikuwepo, na ndani ya grupu moja kunaweza kuwa na wachezaji ambao mababu zao walisimama pande tofauti. Chezeni kwa heshima: aliye mtumwa awe mtu mwenye jina, nia na akili, asiwe pambo la nyumba ya tajiri. Majini na mizimu ni sehemu ya hadithi zetu, ila yuko mchezaji ambaye kwake si hadithi; muulize. Mitume na maandiko matakatifu viachwe nje ya dadu.

Mapenzi kati ya wahusika yasiendelee iwapo kuna mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenye grupu. Hilo halina mjadala. Mwenye kusumbua watu faragha kwa kisingizio cha mhusika wake aondolewe siku hiyo hiyo.

Weka pia alama ya kusimamisha. Mtu akituma herufi X peke yake, tukio linakatwa hapo hapo na hadithi inarukia asubuhi yake. Haulizwi kitu.

Mhusika anaweza kufa?

Ndiyo, kama mchezaji aliambiwa mapema kwamba jaribio hili linaweza kumuua na akakubali kurusha. Mwachie aandike maneno yake ya mwisho mwenyewe. Kisha mpe mhusika mpya ndani ya siku mbili, mtu ambaye wengine wameshakutana naye: yule mpwa, kwa mfano.

Naweza kutumia akili bandia kuniandikia?

Kwa kukusanya majina, kutafuta wazo ukikwama au kufupisha jumbe ndefu, sawa. Ujumbe wenyewe wa hadithi uandike wewe. Mashine haijui kwamba mchezaji wako wa Kigali aliandika juzi sentensi ndogo kuhusu pete ya mama yake, na kwamba amekuwa akingoja uirudishe. Wachezaji hukaa kwa ajili ya mambo kama hayo.

Mchezo uishe lini?

Saa yako ya hatari ikijaa, au jambo lililowakutanisha likipata jibu. Miezi mitatu hadi minne ni muda mzuri kwa mchezo wa kwanza. Tangaza mizunguko mitano kabla, ili kila mtu afunge alichofungua: Salima amwambie mzee wa forodha ukweli, Juma aamue kama anaondoka na nahodha au anabaki mji ukiungua. Halafu mpe kila mchezaji ujumbe mmoja wa mwisho aandike mhusika wake yuko wapi mwaka mmoja baadaye. Kwenye ujumbe huo, na huo peke yake, mruhusu atumie "-ka-" apendavyo.

Maandishi yote haya tuyafanyie nini?

WhatsApp ina uwezo wa kutoa gumzo lote kama faili la maandishi. Chagua bila picha na video, litakuwa jepesi. Futa majina halisi na namba za simu, weka majina ya wahusika, panga kwa siku, kisha mtumie kila mchezaji nakala. Kabla ya kulionyesha kwa mtu yeyote wa nje, pata idhini ya kila aliyeandika. Mmoja akikataa, sehemu zake zitolewe, au faili libaki la wenyewe.